Bango la Mlangoni: Hotuba kuhusu Sheria za Silaha katika Majimbo na Miji ya Marekani

(Maneno haya niliyasema mbele ya Waswahili wa eneo la Dallas, Jumamosi moja jioni. Nimeyanyoosha kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama karibu na mlango utadhani mmekuja kukagua tu: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie historia ya sheria za silaha, na nilivyoombwa tu nikajua swali limezaliwa wapi. Limezaliwa mlangoni. Hapa Texas, ukienda dukani au hospitali, unakuta bango lenye nambari 30.06, maneno yake kwa Kiingereza na Kihispania. Mzee wangu mmoja, yupo hapa na ameniruhusu nimtaje bila jina, aliwahi kuniuliza hiyo ni bei ya kitu gani. Si bei, mzee. Ni kifungu cha sheria ya jinai ya jimbo. Mwenye mahali anasema: wewe mwenye leseni, usiingie humu na bastola uliyoificha. Ndugu yake, 30.07, anamzuia aliyeivaa kiunoni ikionekana. Na sheria imepima mpaka herufi: zisipofika inchi moja kwa urefu, bango hilo ni pambo.

Ninataka tulitumie bango hilo kama kamba ya kushika gizani. Kila nitakapofika, mtanisikia nauliza jambo moja: hapa, wakati huu, nani ana haki ya kutundika bango?

Kwetu hatukuzoea swali hilo. Mtu mwenye kibali cha bastola akitoka Tanga kwenda Mbeya, sheria haimbadilikii akifika Chalinze. Hapa kuna serikali ya shirikisho Washington, kuna jimbo, kuna kaunti na mji wenye sheria ndogo zake. Tunapogombana barazani kuhusu Wamarekani na bunduki, tunaitaja Katiba, Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791 yanayotaja haki ya kuwa na silaha, kana kwamba ndiyo hadithi yote. Lakini mwaka 1833 Mahakama ya Juu ilisema haki zile za mwanzo za Katiba zinaifunga serikali ya taifa peke yake, si majimbo. Na serikali ya taifa yenyewe haikutunga sheria kubwa ya bunduki mpaka 1934, ile iliyotoza kodi nzito bunduki za rashasha. Katikati hapo, zaidi ya miaka 140, kazi ya kusema nani abebe nini na wapi ilifanywa na majimbo na miji.

Mtaniuliza: mwalimu, yote hayo ya babu zao yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mwezi Juni 2022 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, iliamua kwamba sheria ya silaha ya leo itasimama tu ikiwa inafanana na desturi ya sheria za zamani. Tangu siku hiyo mawakili wa nchi hii wamekuwa wachimba kaburi. Wanaingia kwenye nyaraka za miji iliyokufa, wanatafuta sheria ndogo ya mwaka 1790 au 1868, waje nayo mahakamani kama shahidi. Kwa hiyo historia hapa si mapambo ya hotuba.

Basi tuanze Boston, mwaka 1783. Vita vya uhuru ndiyo vinamalizika, kila nyumba ina bunduki, na nyumba nyingi ni za mbao. Bunge la Massachusetts likatunga sheria kwa ajili ya mji huo peke yake: ni marufuku kuingiza ndani ya nyumba, ghala au banda silaha iliyokwisha kushindiliwa baruti. Sababu waliiandika wazi, na mimi huipenda kwa unyenyekevu wake. Nyumba ikishika moto, bunduki iliyojaa hujifyatua yenyewe, na anayekufa ni jirani aliyekuja na ndoo ya maji. Hakuna neno la falsafa hapo. Ni watu wa mtaa mmoja wanaogopa moto.

Baadaye kikaja kisu. Mwaka 1813 Kentucky na Louisiana zilikataza kubeba silaha kwa kuificha. Fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba mwanamume mwenye nia njema hubeba chake kikionekana. Anayeficha ana jambo. Mahakama ya Kentucky iliifuta sheria hiyo mwaka 1822, na wananchi hawakukubali kushindwa: mwaka 1850 waliandika katiba mpya ya jimbo iliyolipatia bunge lao ruhusa ya kuweka katazo hilohilo. Huko kusini kulikuwa na mtu aitwaye Jim Bowie, aliyepata jina mwaka 1827 kwenye ugomvi wa mchangani kando ya mto Mississippi, akiwa na kisu kikubwa cha kuogofya. Kila kijana akataka kisu cha Bowie. Alabama, mwaka 1837, ikaweka kodi ya dola 100 kwa kila kisu cha namna hiyo kitakachouzwa au hata kutolewa zawadi. Tennessee mwaka uliofuata ikapiga marufuku kukiuza kabisa. Bowie mwenyewe hakuyaona hayo. Alikwisha kufa hapa Texas, kwenye ngome ya Alamo, mwaka 1836.

Sasa twendeni magharibi, kwenye nchi ya sinema. Wengi wetu tulilelewa na video za wachunga ng'ombe, tukaamini kila mtu kule alitembea na bastola mbili na hakuna wa kumuuliza. Ipo picha ya mji wa Dodge City, Kansas, ya mwishoni mwa miaka ya 1870. Katikati ya barabara kuu limesimama bango: kubeba silaha za moto ni marufuku kabisa. Chini yake, kwenye ubao huohuo, kuna tangazo la dawa chungu ya kunywa. Mchunga ng'ombe aliyefika na kundi lake baada ya miezi ya vumbi alikabidhi bastola, akaenda zake kulewa, akaichukua siku ya kuondoka. Huyo ndiye aliyetundika bango: mji. Na si kwamba wafanyabiashara wa Dodge walikuwa watakatifu. Walitaka fedha za wachunga ng'ombe, na maiti barabarani huharibu biashara.

Tombstone, Arizona, walikuwa na sheria ndogo Namba 9, ya Aprili 1881. Ukifika mjini, weka silaha yako. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo, asubuhi, mtu aitwaye Ike Clanton alikamatwa kwa kubeba silaha, akatozwa faini ya dola 25, bunduki zikabaki kwa maofisa. Alasiri ileile mkuu wa polisi wa mji, Virgil Earp, pamoja na ndugu zake wawili na rafiki yao Doc Holliday, wakawafuata wenzake Clanton kwenye kiwanja karibu na zizi la O.K. Virgil akawaambia watoe silaha. Sekunde kama 30, watu watatu wamekufa. Yale mapambano yaliyotengenezewa filamu zisizohesabika yalianza kama utekelezaji wa sheria ndogo ya halmashauri! Diwani yeyote wa kwetu aliyewahi kuhangaika na sheria ndogo ya kuzuia mifugo mjini anajua ugomvi wa namna hiyo, ila bila risasi.

Na Texas yetu hii? Hapa ndipo nataka nikae, kwa sababu ndipo mnapolipa kodi ya nyumba.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilijaa silaha na visasi. Weusi waliotoka utumwani waliuawa hovyo. Gavana Edmund Davis, Mrepublikan, aliunda polisi wa jimbo waliokuwa na Weusi ndani yao, na bunge lake mwaka 1871 likapitisha sheria ya kukataza kubeba bastola, jambia, upanga wa fimboni na kisu cha Bowie. Faini ilikuwa dola 25 hadi 100, na silaha inachukuliwa na kaunti. Mahakama ya jimbo ikasema sawa. Davis alishindwa uchaguzi mwaka 1873, wapinzani wake wakarudi madarakani, wakafuta mengi aliyoyafanya. Hili hawakulifuta. Katiba waliyoiandika mwaka 1876, ambayo ndiyo inayotuongoza hadi leo, inasema kila raia ana haki ya kuwa na silaha ya kujilinda, lakini bunge lina uwezo wa kusimamia uvaaji wa silaha kwa nia ya kuzuia uhalifu. Maneno hayo bado yapo. Hivyo kwa zaidi ya miaka 120, mwananchi wa kawaida wa Texas hakuruhusiwa kutembea na bastola barabarani. Ukimwambia hivyo jirani yako mwenye kofia kubwa atakubishia. Mwache abishe, kisha mwonyeshe.

Sheria ya 1871 ilikuwa na milango ya pembeni. Aliyekuwa nyumbani kwake au kwenye biashara yake aliruhusiwa. Kaunti za mpakani ziliachwa. Na aliachwa msafiri. Madereva wa malori mliomo humu, sikilizeni hapa. Nani msafiri? Sheria haikusema. Mahakama za Texas zilizunguka na neno hilo zaidi ya karne: lazima alale njiani? Avuke kaunti ngapi? Akikatisha safari kwa mizunguko ya mjini, bado ni msafiri au amekuwa mzururaji? Mtu mmoja alifungwa na mwingine akaachiliwa, barabara ileile. Bunge lilikuja kujaribu kulimaliza mwaka 2005 kwa kusema aliye ndani ya gari lake achukuliwe kuwa msafiri, na waendesha mashtaka wengine wakaendelea kushtaki vilevile. Mwaka 2007 ndipo wakasema wazi kwamba mtu anaweza kuwa na bastola ndani ya gari lake ikiwa haionekani. Neno moja, miaka 136.

Kilichougeuza mkondo ni msiba. Tarehe 16 Oktoba 1991, mji wa Killeen, mtu aliingiza gari dogo la mizigo kupitia kioo cha mkahawa wa Luby's saa ya chakula cha mchana, akaua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa mezani na wazazi wake. Bastola yake ilikuwa garini, kwa kuwa sheria ilimkataza kuingia nayo. Baba na mama yake waliuawa. Alitoa ushahidi kila mahali, baadaye akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo. Gavana Ann Richards alikataa kutia saini mswada wa kuitisha kura ya maoni kuhusu kubeba silaha mwaka 1993. Mwaka uliofuata akashindwa na George W. Bush, na Bush akatia saini sheria ya kubeba silaha kwa leseni mwaka 1995. Leseni zikaanza kutumika Januari 1996. Kubeba waziwazi, Januari 2016. Na tangu tarehe 1 Septemba 2021, aliyefikisha miaka 21 na asiye na kizuizi cha kisheria hahitaji leseni kabisa.

Nisieleweke vibaya. Simlaumu mama yule kwa hoja yake. Nani kati yetu angekaa meza ile asiwaze hivyo? Lakini tusiambiwe kwamba hii ndiyo Texas ya asili. Texas ya asili ilikuwa na faini.

Sasa upande ambao wanaopenda sheria kali hawapendi kuukumbuka. Maana kama upande mmoja umesahau Dodge City, upande wa pili una usahaulifu wake.

Virginia, mwaka 1680: hakuna Mwafrika ruhusa kubeba rungu, fimbo, bunduki wala upanga. Tennessee: katiba yake ya 1796 iliwapa haki ya silaha watu huru, mwaka 1834, miaka mitatu baada ya maasi ya watumwa ya Nat Turner kule Virginia, waliongeza neno moja, ikawa watu weupe huru. Mississippi, 1865, utumwa umekufa juzi: mtu mweusi asiye mwanajeshi hana ruhusa ya bunduki, risasi wala kisu cha Bowie bila leseni ya bodi ya kaunti. Na mnawajua watu wa kwenye bodi.

Baadaye walijifunza adabu ya kuandika. Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868 yalizuia majimbo kutunga sheria ya rangi waziwazi, basi sheria ikaandikwa kwa wote na kutumiwa kwa wachache. Florida mwaka 1893 ilidai leseni kwa bunduki za kufyatua mfululizo, kisha ikaongeza bastola. Ukiisoma huoni mweusi wala mweupe. Lakini mwaka 1941 kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Florida, na jaji mmoja, Rivers Buford, akaandika maoni yake mwenyewe. Alisema aliijua historia ya sheria ile: ilipitishwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua Weusi walioingia jimboni kufanya kazi kwenye kambi za mbao na za utomvu wa misonobari, haikukusudiwa kamwe kwa weupe, na haikuwahi kutumika hivyo. Jaji huyo hakuwa mpinzani wa serikali anayelalamika. Alikuwa mtu wa ndani, anaeleza jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kama mvua.

Wageni pia tumo, ndugu zangu. Pennsylvania mwaka 1909 ilimkataza mgeni asiye raia kuwinda, na kwa hiyo kumiliki bunduki ya kuwindia. Mwitalia mmoja alipinga, na mwaka 1914 Mahakama ya Juu ikaipa Pennsylvania ushindi. New York mwaka 1911, baada ya mwandishi wa riwaya David Graham Phillips kupigwa risasi na kuuawa mchana kweupe Manhattan, ilipitisha sheria iliyobeba jina la mwanasiasa Timothy Sullivan: bastola ni kwa leseni ya polisi. Miongoni mwa wa kwanza kufungwa chini yake alikuwa mhamiaji wa Kiitalia. Alipewa mwaka mmoja. Ni sheria hiyohiyo, sehemu yake iliyomtaka mwombaji aonyeshe sababu ya pekee ya kubeba, iliyoangushwa mwaka 2022.

Mnamo 1956 nyumba ya Martin Luther King huko Montgomery ilitupiwa bomu. Aliomba kibali cha kubeba silaha. Akanyimwa. Mwaka 1967, California, Weusi wa kundi la Black Panther walikuwa wakifuata magari ya polisi Oakland wakiwa na bunduki mikononi, na sheria iliwaruhusu. Tarehe 2 Mei wakaingia na bunduki hizo jengo la bunge, Sacramento. Kufikia mwisho wa Julai, Gavana Ronald Reagan alikwisha kutia saini sheria ya kukataza kubeba silaha yenye risasi hadharani, na chama cha wenye bunduki, NRA, hakikupinga, kiliunga mkono.

Turudi kwenye bango. Mwaka 1981 kitongoji cha Morton Grove, Illinois, kilikataza wakazi wake kumiliki bastola. Kikawa cha kwanza. Mwaka 1982 mji mdogo wa Kennesaw, Georgia, ukajibu: kila mkuu wa kaya lazima awe na bunduki na risasi zake, isipokuwa asiyetaka kwa dhamiri yake au asiyeweza. Miji miwili, nchi moja, katiba moja. Huo ndio ulikuwa uhuru wa mji, na nadhani ulikuwa unakaribia kwisha. Bunge moja moja la jimbo lilianza kusema: mambo ya silaha ni yetu, halmashauri zisiguse. Florida ilifanya hivyo mwaka 1987, na mwaka 2011 ikaongeza kwamba kiongozi wa mji atakayekaidi anaweza kutozwa binafsi hadi dola 5,000. Majimbo zaidi ya 40 sasa yana sheria za namna hii, Texas ikiwemo. Meya wa Dallas leo hawezi kufanya alichofanya meya wa Dodge City.

Mahakama ya Juu nayo ikafunga upande wa juu. Mwaka 2008 ilisema haki ya silaha ni ya mtu mmoja mmoja, kwa kura tano dhidi ya nne. Mwaka 2010 ikaipeleka haki hiyo mpaka kwenye majimbo na miji, katika kesi ya Otis McDonald dhidi ya Chicago. McDonald alikuwa mzee Mweusi wa zaidi ya miaka 70, mtoto wa wakulima wa Louisiana, nyumba yake imevunjwa mara kadhaa, na mji unamkataza bastola. Kesi ile inaniumiza kichwa kila nikiisoma, kwa sababu nikimwangalia mzee namwelewa, na nikiiangalia mitaa ya Chicago nawaelewa pia waliotunga katazo.

Na sasa, baada ya Bruen, wale wachimba kaburi wanafukua vitu vinavyonuka. Hawaii ilipotunga sheria kwamba mtu asiingie na silaha kwenye mali ya mwenzake bila ruhusa, mahakama ya rufaa mwaka 2024 iliitetea kwa kutaja, pamoja na sheria ya New Jersey ya 1771, sheria ya Louisiana ya mwaka 1865. Mwaka huo, jimbo hilo, mnajua nani alilengwa. Wakili mwenye nia ya kupunguza mauaji analazimika kumwita kizimbani shahidi ambaye asingependa kukaa naye meza moja. Hapa jirani, Arlington, ilitoka kesi ya Rahimi, mtu aliyezuiwa kuwa na bunduki baada ya kumpiga mama wa mtoto wake. Mahakama ya rufaa ilimpa ushindi mwaka 2023, kwa kuwa zamani hapakuwa na sheria kama hiyo. Zamani ipi, jamani? Zamani ambayo mke hakuwa na pa kwenda kushtaki! Mahakama ya Juu iliirekebisha mwaka 2024, majaji wanane dhidi ya mmoja, wakisema desturi haitaki pacha, inatosha ndugu.

Namalizia kwa madereva, maana niliwaahidi. Ukitoka hapa na bastola garini, halali kabisa, ukafika New Jersey, Texas haikufuati. Mama mmoja wa Philadelphia alivuka mto tu mwaka 2013, akasimamishwa, akamwambia askari mwenyewe kwa uaminifu kwamba ana bastola na leseni ya Pennsylvania. Alikaa jela zaidi ya mwezi, na ilibidi gavana amsamehe mwaka 2015. Ipo sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda anayepita tu, silaha ikiwa haina risasi na imefungwa mahali asipofikia mkono. Unaona? Tumerudi kulekule kwa msafiri. Na wenzangu mlioko hapa kwa viza ya muda au ambao karatasi hazijakaa sawa: kwenu sheria ya shirikisho ni nzito kuliko bango lolote, mwoneni wakili kabla hata ya kuishika kwenye uwanja wa shabaha.

Lile bango la 30.06 lilizaliwa mwaka 1997, baada tu ya jimbo kufungua mlango wa leseni. Halikutundikwa na mji, wala na jimbo. Jimbo liliandika maneno na kupima herufi, kisha likamwachia mwenye duka, mwenye hospitali, mwenye ukumbi, aamue mwenyewe kama atalitundika.

Mwenyekiti, nilipoingia jioni hii niliangalia mlango wetu. Hauna kitu. Nadhani kamati haijawahi kulijadili.